Kijijini Alaska mhudumu wa afya halipwi fulana

Kama wewe au ndugu yako mmewahi kupewa vile vidonge vya INH, yaani isoniazidi, pale CTC, kliniki ya watu wenye VVU, vile vya kumeza miezi sita ili TB isije ikaamka mwilini, basi kuna watu wako mbali sana huko kaskazini mwa dunia wanakudai ahsante na hujui hata wanaitwaje. Mi nilikuwa sijui. Na nimekaa kwenye kazi hii ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii kwa miaka, nimesimamia wagawaji wa hivyo vidonge, nimehudhuria semina za kutosha, chai na maandazi ya kutosha, na hakuna mwezeshaji hata mmoja aliyewahi kusema ushahidi wa hiyo dawa ulipatikana wapi na kwa akina nani. Sehemu kubwa ulipatikana Alaska, kwenye vijiji vya Wayup'ik, wenyeji wa asili wa huko, mwishoni mwa miaka ya 1950. Nilipojua hilo nikaanza kusoma, nikashindwa kuacha, na sasa naandika kwa sababu kichwa kimejaa na mke wangu amechoka kusikia habari za barafu.

Tuanze na ramani kidogo. Kusini magharibi mwa Alaska kuna mito miwili mikubwa, Yukon na Kuskokwim, inamwaga maji Bahari ya Bering, na katikati yake ni delta, tambarare tupu ya matope na vidimbwi, kama kilomita za mraba 190,000, yaani chukua Rwanda na Burundi ujumlishe, halafu zidisha mara tatu na chenji inabaki. Humo kuna makabila 58 yanayotambuliwa kisheria, kijiji kina watu mia tatu, mia tano, na hakuna barabara ya kutoka kijiji hiki kwenda kile. Hakuna kabisa. Mji wao mkubwa ni Bethel, na hata Bethel kwenyewe huendi kwa gari kutoka Anchorage, jiji kubwa la Alaska, ni ndege tu, kilomita 640 hivi. Kiangazi watu wanatumia boti, wakati wa baridi mto unaganda mpaka magari yanapita juu yake, ila kuna zile wiki za katikati, barafu ndo inaanza kushika au ndo inavunjika, hapo boti haipiti, pikipiki ya theluji haipiti, na hali ya hewa ikichafuka hata ndege hairuki. Mtu wa Rufiji au Kilombero wakati wa masika ananielewa vizuri.

Sasa TB. Baada ya vita kuu ya pili TB ilikuwa inawamaliza hawa watu, viwango vilivyopimwa kwenye hiyo delta ni kati ya vikubwa kuwahi kuandikwa popote duniani. Tiba ya wakati huo ilikuwa kukuondoa. Unapandishwa ndege unapelekwa sanatoria, hospitali za kulaza wagonjwa wa TB, Sitka, au Seward, au chini kabisa jimbo la Washington, unalazwa miezi, wengine miaka, mtoto anarudi kasahau lugha ya mama yake, na wengine hawakurudi. Kule Kanada ilikuwa hivohivo, kulikuwa na meli inaitwa C.D. Howe inazunguka Aktiki na mashine ya eksirei, ukionekana na doa kwenye mapafu safari yako imeanza hapohapo, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 Muinuit, mwenyeji wa asili wa Aktiki, mmoja kati ya kila saba alikuwa sanatoria huko kusini. Waziri Mkuu wa Kanada alienda Iqaluit kuomba radhi mwaka 2019 na bado kuna familia zilikuwa hazijui bibi yao kazikwa wapi. Ukisoma hayo unaelewa kwa nini mtu wa huko akisikia "tumekuja kuwasaidia afya zenu" anakunja uso.

Isoniazidi ilipoanza kutumika 1952 ikawezekana kumtibu mtu akiwa kwake. Halafu 1957 daktari mmoja wa serikali, George Comstock, akaanza kazi Bethel na swali lake: tukiwapa hivi vidonge watu ambao hawajaugua, ila wanalala chumba kimoja na wagonjwa, tutaizuia TB kabla haijaanza? Waliingia watu zaidi ya 7,000 kutoka vijiji 28 na shule za bweni, kaya hii dawa ya kweli, kaya ile vidonge vitupu, mwaka mzima. Waliomeza dawa, TB ilipungua kwa karibu asilimia 70. Comstock na familia yake nao walimeza, ili watu waone sio sumu, na majibu yalipotoka wale wa vidonge vitupu wakapewa vya kweli. Kuna sehemu ya hii habari inanikwaza bado, watu waliokwishaumia kiasi kile halafu ndo wanageuzwa uwanja wa jaribio, lakini ndo hivyo, ule ushahidi ukasafiri dunia nzima mpaka ukafika kwenye dirisha la dawa pale kwetu.

Mi kama msimamizi swali langu likawa dogo tu: huko nani alikuwa anagawa dawa kila siku? Maana daktari anafika kijijini mara chache mno kwa mwaka, akifika.

Watu wa kijiji wenyewe. Halmashauri ya kijiji ilichagua mtu, mara nyingi mama ambaye watu wanamheshimu, anakabidhiwa vidonge vya TB vya kijiji chake, anahakikisha vinamezwa. Na ukishakuwa mama wa vidonge, watu hawaji na TB tu, wanakuja na mtoto mwenye homa, na mzee aliyejikata na shoka, na msichana mwenye uchungu wa kuzaa saa nane usiku. Kwa hiyo wakawekewa simu ya upepo. Kila siku kwa saa maalumu daktari wa hospitali ya mkoa anakaa kwenye redio, anaita kijiji kimoja baada ya kingine, mhudumu anaeleza mgonjwa wake, anaambiwa la kufanya, na kwa kuwa ni redio kijiji kizima kinasikia nani anaharisha na nani ana mimba, siri hakuna. Halafu ile miale ya kaskazini inayopendeza kwenye picha ilikuwa inakata mawasiliano, wakati mwingine siku kadhaa mhudumu yuko peke yake na mgonjwa wake. Mwaka 1971 wakajaribu setilaiti ya NASA, ATS-1, vijiji 26, na baada ya hapo taratibu simu za uhakika zikafika vijijini. Kumbuka Alaska vijiji vilipata setilaiti kwa sababu ya mgonjwa na daktari kuongea, sio kwa sababu ya mpira.

Mwaka 1968 serikali kuu ikaanza kuwatengea bajeti rasmi, na hiyo ndo siku kazi iligeuka kuwa kazi. Kwa miaka mingi wamekuwa kama wahudumu 550 kwenye vijiji zaidi ya 170. Wanasomea kwa awamu nne, kila awamu wiki tatu mpaka nne, katikati wanarudi kijijini kufanya kazi, halafu mwishoni kuna mazoezi chini ya msimamizi na mtihani, na tangu 1998 kuna bodi inayowapa cheti. Kumbuka mtu huyu hajaenda chuo cha udaktari wala cha unesi. Ila ana kitabu.

Hicho kitabu ndo kilichonimaliza mimi. Chukua mtoto wa miaka mitatu, sikio linamuuma, analia. Mhudumu hakisii. Anafungua kitabu, siku hizi kiko kwenye tableti, anaenda sehemu ya masikio, na kinamuuliza: limeanza lini, kuna usaha unatoka, ana homa, ameshawahi kuumwa hivi, anatumia dawa gani. Halafu kinamwambia apime nini na kwa mpangilio gani, aangalie ngoma ya sikio, ni nyekundu, imetuna, imetoboka? Halafu alichokiona anakilinganisha na jedwali, jedwali linampa jina la tatizo, na jina la tatizo linampa dawa, dozi kwa kilo za mtoto, siku ngapi, lini arudi, na pale inapotakiwa kinasema wazi: hapa usiendelee, piga simu kwa daktari kwanza. Na kama sikio ni sugu, masikio yanasumbua sana watoto wa huko, ana kikamera kidogo, anapiga picha ya ndani ya sikio anaituma Anchorage, bingwa wa masikio anaiangalia kwa muda wake, anajibu kama mtoto anahitaji kusafiri au la. Tiketi ya ndege ya mama na mtoto imeokolewa hapo.

Kwa hiyo mtu wa kijijini, ambaye jana ulimuona anakausha samaki, anatoa antibayotiki. Kihalali. Kwa kufuata kitabu na maagizo ya kudumu ya daktari anayemsimamia.

Sasa niambie kwetu. Mama yangu mdogo alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji miaka ya 1980, wale wa mwanzo kabisa. Alipewa mafunzo, akapewa sanduku la mbao lenye msalaba mwekundu, ndani kulorokwini, aspirini, dawa ya macho, bandeji. Miezi ya kwanza watu wanapanga foleni uani. Halafu kulorokwini ikaisha, akaomba nyingine, ikaja nusu, ikaisha, akaomba, haikuja, na watu wakaacha kuja maana hakuna mtu anapanga foleni kuangalia sanduku tupu. Hakulipwa hata senti. Mwishowe sanduku likawa la kuwekea mbegu za mahindi. Na huyu mama alikuwa na akili kuliko manesi wengi niliofanya nao kazi, uwezo wa kumtibu yule mtoto wa sikio alikuwa nao, kilichokosekana ni kila kitu kingine.

Miaka imepita tumebadilisha jina mara nyingi lakini kwa muda mrefu mtindo ulikuwa uleule: fulana, kofia, begi la mgongoni, baiskeli kama mfadhili ana moyo, na posho. Posho yenyewe kuna halmashauri moja sitaitaja ilichelewa mpaka wahudumu wakaanza kuniona mi ndo nimeila. Na mamlaka yake ni yapi? Elimisha, hamasisha, toa rufaa. Yaani anamuona mgonjwa, anajua anaumwa nini, kazi yake ni kumwambia aende zahanati kilomita kumi na tano. Haki itendeke, mambo yanasogea, Kenya walizindua wahamasishaji laki moja Septemba 2023 na wanalipwa shilingi elfu tano za kwao kwa mwezi, serikali kuu nusu na kaunti nusu, na sisi Tanzania Januari 2024 tukazindua mpango wetu unaolenga wahudumu 137,294. Sibezi. Nasema tu bado tunaongea sana kuhusu idadi.

Na cha ajabu wazo lenyewe kwetu sio geni. Nchi hii imetibiwa na matabibu tangu uhuru, watu ambao kwa vitabu vya Marekani sio madaktari, na wanafanya kazi nzuri. Tulikubali tabibu awe na kalamu ya kuandika dawa, tukaishia mlangoni kwa zahanati. Wamarekani kinyume chake, kwao asiye daktari akianza kufanya kazi ya daktari inaweza kuwa kesi. Kesi kweli. Mwaka 2003 watu wa afya wa makabila ya Alaska, wamechoka kuona watoto wanang'olewa meno yote ya mbele, wakapeleka vijana wao Chuo Kikuu cha Otago huko New Zealand, ambako mwaka 1921 walianzisha utaratibu wa manesi wa meno mashuleni, wakasomee kuziba na kung'oa meno. Walivyorudi wakaanza kazi vijijini 2005. Mwaka 2006 chama cha madaktari wa meno cha Marekani na kile cha Alaska wakaenda mahakamani kuwazuia. Madaktari wenyewe kwenye hivyo vijiji huwaoni, labda wiki moja kwa mwaka, lakini hawataki mwingine akae. Mwaka 2007 mahakama ikakataa hoja zao, na leo vijana wa aina hiyo wanasomea hukohuko Alaska.

Hapa ndo napotaka kutulia, kwa sababu watu wakisikia "mradi unaoongozwa na wenyeji" wanafikiri maana yake mhudumu ni mzawa wa kijiji. Hata mama yangu mdogo alikuwa mzawa wa kijiji. Tofauti ni kwamba wale vijana waliposhtakiwa walikuwa na mwajiri mwenye nguvu ya kusimama nao mahakamani, na huyo mwajiri ni makabila yenyewe. Mwaka 1975 Bunge la Marekani lilipitisha sheria, namba yake 93-638, huko watu wanaiita tu 638, inayosema kabila likitaka linaweza kuchukua huduma ambayo serikali ilikuwa inalitolea, likachukua na hela yake, likaendesha lenyewe. Sio kushirikishwa. Sio mwakilishi mmoja kwenye kamati anasaini mahudhurio. Hela inahama. Kule Bethel shirika la afya la Yukon-Kuskokwim lilikuwepo tangu 1969, bodi yake ni watu wa vijijini, likaja kuichukua hospitali yenyewe. Anchorage ni hivohivo, kuna Southcentral Foundation, shirika la afya la wenyeji, ilianzishwa 1982, wagonjwa wanaitwa wateja-wamiliki na wamepata tuzo ya kitaifa ya ubora ya Baldrige mara mbili, 2011 na 2017. Mama aliyeiongoza kwa miaka mingi, Katherine Gottlieb, alianzia pale kama mpokea simu.

Faida yake ilionekana wakati wa korona. Watu wa kule wana kumbukumbu mbaya, Novemba 1918 kijiji cha Brevig Mission kilipoteza watu 72 kati ya 80 kwa mafua ndani ya siku tano, kwa hiyo 2020 vijiji vingi vilijifunga vyenyewe mapema bila kusubiri tamko. Na chanjo ilipofika Desemba, shirika la Bethel likaita kampeni yao Mradi wa Togo. Togo ni mbwa. Mwaka 1925 kwenye mji wa Nome, hukohuko Alaska, ulilipuka ugonjwa wa dondakoo, dawa ikapelekwa kwa mbwa wa kuvuta sleji, waendeshaji karibu 20 wakipokezana, wengi wao wenyeji wanaobeba barua, na mbwa aliyekimbia kipande kirefu na kigumu kuliko wote alikuwa Togo. Aliyekimbia kipande cha mwisho mpaka mjini ni Balto, na Balto ndo akajengewa sanamu New York. Kwa hiyo watu wa Bethel kuchagua jina la Togo, aisee, nilicheka peke yangu. Chanjo zikaenda kwa vindege, pikipiki za theluji, na maeneo mengine ya Alaska hata kwenye sleji, na kwa kuwa mgao wa makabila ulikuwa mikononi mwao hawakuhitaji kumuuliza mtu wa mji mkuu nani aanze.

Msije mkadhani ni peponi. Mhudumu wa huko anaitwa usiku na mchana, na mgonjwa anayemuita ni shemeji yake, ni mtoto wa dada yake, na kijana akijiua, na kujiua ni janga kubwa sana kule, yeye ndo anafika wa kwanza na alimjua tangu kazaliwa. Wengi wanaacha kazi. Kuna vijiji vinakaa bila mhudumu na inabidi aletwe wa kuzunguka. Kuna vijiji mpaka leo nyumba hazina maji ya bomba, choo ni ndoo, na tafiti zimeonyesha wazi sehemu zisizo na maji ndani watoto wanalazwa zaidi kwa nimonia na magonjwa ya ngozi, sasa hapo kitabu kizuri namna gani hakiwezi kuchimba bomba. Na mama mjamzito bado anatakiwa kuondoka kijijini wiki ya 36, anakaa Bethel kwenye nyumba ya kusubiria kujifungua, watoto wengine kawaacha nyumbani.

Hilo la uzazi kuna mahali wamelijibu tofauti. Puvirnituq, kijiji cha Wainuit pembeni mwa Ghuba ya Hudson, kaskazini mwa Quebec. Huko nako wajawazito walikuwa wanapakiwa kwenye ndege wakazae kusini peke yao kwa watu wasiojua lugha yao. Wanawake wakakataa, na 1986 ikafunguliwa nyumba ya uzazi palepale kijijini, wakunga wakifundishwa hukohuko miongoni mwao, bila chumba cha upasuaji, Montreal ni masaa kwa ndege. Kila mimba inajadiliwa na kamati, hatari zinapimwa mapema, na wengi wanazaa palepale kijijini kwao salama. Madaktari wengi wa mjini ukiwaambia hivyo wanashtuka. Wao wanasema hatari ya kumtoa mama kwa watu wake nayo ni hatari, sema haipo kwenye fomu.

Nilimtumia haya yote kwa voisi ndefu rafiki yangu mmoja ambaye ni mganga mkuu wa wilaya. Akajibu kwa kifupi, hiyo ni Marekani bana, wana hela. Nikamwambia sawa, lakini wale mama wa vidonge wa miaka ya 1950 walikuwa wanajitolea kama wa kwetu, wengine wakiona wagonjwa jikoni kwao, mpaka hapo 1968. Akakaa kimya siku mbili. Halafu akaniuliza swali la kiofisi kabisa: mshahara wa mhudumu uingie fungu gani, mapato ya ndani au Hazina? Yeye anasema Hazina, kwa sababu mapato ya ndani ya wilaya yake ni ushuru wa mazao na mwaka wa ukame hakuna kitu. Mi nasema nusu kwa nusu kama Kenya, ili diwani akimuona mhudumu ajue ni wa kwake pia na asimuache akae na sanduku tupu. Kuhusu antibayotiki hajakubali hata kidogo, anasema Baraza la Famasi litanila nyama. Kikao cha bajeti ni Februari.